Makofi hayanunui nyuzi: Goma iwalipe wapiga gitaa na mafundi wao

Mji wa Goma una sanamu ya chukudu. Inasimama kwenye rond-point, inang'aa kwa rangi ya dhahabu, na wageni hawaondoki bila kupigwa picha mbele yake. Ni miji michache duniani iliyomheshimu fundi wa mbao kwa namna hiyo. Chukudu haikutoka kiwandani Ulaya wala China. Ilitoka mikononi mwa mafundi wa Kivu, waliochukua mti mgumu, vipande vya mpira wa zamani na misumari, wakapata chombo kinachobeba mamia ya kilo za viazi, makaa na saruji.

Katika mji huohuo wamo mafundi wengine wa mbao ambao hakuna anayewatazama. Ni wale wanaotengeneza gitaa, wanaounganisha shingo iliyovunjika, wanaobandika upya ubao uliofunguka, wanaotafuta nyuzi za violoni, au fidla kama wanavyosema Watanzania. Karibu nao wamo wapigaji wenyewe: vijana wa solo, wa mi-solo, wa akompa, wa besi, pamoja na wachache waliojifunza violoni. Watu hawa wapo kwenye misa ya Jumapili, kwenye harusi ya Jumamosi, kwenye matanga, na studioni usiku. Mji mzima unacheza kwa vidole vyao. Lakini ukiuliza wanalipwa nini, jibu mara nyingi ni makofi, soda na ahadi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Goma imesahau neno la mwisho la methali hiyo. Kutengeneza na kupiga vyombo vya nyuzi ni kazi kama useremala, ushonaji na uashi, na kazi inastahili bei, mapatano na malipo. Wanaopaswa kuanza kulipa si wafadhili wa mbali. Ni makanisa, wenye kumbi, wenye studio na familia zinazooza mabinti na vijana wao hapahapa mjini.

Kazi ya milimita

Wengi wanadhani kwamba anayeweza kutengeneza kiti anaweza kutengeneza gitaa. Sivyo. Seremala wa milango akikosea milimita mbili, anapiga randa na mlango unafunga. Fundi wa gitaa akikosea milimita mbili shingoni, chombo hakitaimba sawa hata siku moja.

Chukua gitaa ambayo nyuzi zake zina urefu wa milimita 648, kipimo kinachotumiwa sana. Fureti ya kwanza, yaani kile chuma chembamba cha kwanza kilicholala shingoni, hukaa milimita 36 na kidogo kutoka mahali nyuzi zinapoanzia. Ya kumi na mbili inapaswa kukaa katikati kabisa, milimita 324. Zote zilizo kati yao zinafuata hesabu moja, kila nafasi ikipungua kidogo kuliko iliyotangulia. Fundi asiyejua hesabu hiyo atauza pambo la ukutani.

Halafu kuna nguvu ya nyuzi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa kwa sauti yake ya kawaida, huvuta shingo na ubao wa mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 70. Ni kama gunia la maharagwe lililoning'inizwa kwenye gundi mchana na usiku, mwaka mzima. Na ubao wa mbele unaobeba mzigo huo una unene wa milimita tatu hivi, kwa sababu ukiwa mnene zaidi, sauti inakufa. Ndiyo maana mbao lazima iwe kavu kweli. Mbao iliyoshuka jana kwenye lori kutoka msituni bado ina maji. Ukiitumia mara moja, itajikunja na kupasuka baadaye, na mteja atasema fundi ni mwongo. Inapaswa kupangwa mahali pa kivuli na kuachwa miezi mingi. Lakini fundi asiye na malipo ya kwanza atawezaje kununua mbao leo na kuitumia mwaka kesho?

Hapo ndipo umaskini unapozaa kazi mbaya, na kazi mbaya inazaa dharau. Mteja anataka bei ndogo, fundi anatumia mbao mbichi, gitaa inapasuka, mteja anaapa kwamba hatanunua tena kitu kilichotengenezwa Goma. Kisha anaenda Birere kununua gitaa ya kiwandani.

Gitaa ya dukani si adui

Ni haki kusema ukweli: gitaa nyingi za kiwandani zina bei nzuri, na fundi wa Goma hatashindana na mashine inayokata shingo mia kwa siku. Hakuna haja ya kumlazimisha kijana anayeanza kununua chombo cha bei kubwa kwa ajili ya uzalendo.

Lakini gitaa ya kiwandani nayo huvunjika. Shingo inapinda, fureti zinaliwa na nyuzi, ufunguo wa kukazia unakatika, waya wa ndani unaachana na mahali pake. Bila fundi, gitaa hiyo inageuka kuni. Kwa hiyo duka na karakana havipigani. Duka linaleta chombo, fundi anakipa maisha marefu. Kanisa linalonunua gitaa mpya kila mara ya zamani inapoharibika linatupa pesa ambayo ingemlisha fundi na kubaki na chenji.

Kanisa lenye kwaya liwe la kwanza

Kwa vijana wengi wa Goma, gitaa ya kwanza waliyoishika ilikuwa ya kanisa. Hilo ni jambo la kushukuru. Bila makanisa, Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti na makanisa ya uamsho, mji ungekuwa na wapigaji wachache sana. Kanisa limekuwa shule ya muziki ya maskini.

Shida inakuja pale mwanafunzi anapokuwa fundi wa vidole. Ana miaka ishirini na tano, ana mke na mtoto, anafanya mazoezi jioni tatu kwa wiki, Jumapili anapiga ibada mbili au tatu. Akiomba nauli ya pikipiki, anaambiwa kwamba anamtumikia Mungu na kipaji alipewa bure. Lakini mwenye duka aliyeuza spika hakuambiwa hivyo. Aliyeleta mafuta ya jenereta hakuambiwa hivyo. Fundi mwashi aliyejenga ukuta wa kanisa alilipwa kwa siku. Kwa nini mpiga gitaa peke yake ndiye anayeombwa kuishi kwa baraka?

Maandiko yenyewe hayako upande wa wanaonyima. Kitabu cha Nehemia, sura ya 13, kinaeleza kwamba Walawi na waimbaji wa hekalu walikuwa wameacha kazi na kukimbilia kila mtu shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu yao. Nehemia hakuwakemea waimbaji. Aliwakemea viongozi, akawarudisha waimbaji mahali pao, akaweka watu waaminifu wa kugawa posho. Mchungaji au mzee wa kanisa anayelalamika kwamba wapigaji wake wazuri wamehamia kanisa lingine, au wamekwenda kupiga kwenye baa, asome sura hiyo kabla ya kuwahukumu.

Kuna watakaosema: waumini ni maskini, hasa wakati huu. Ni kweli. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, mashirika mengi yaliyokuwa yakilipia matamasha na semina yakaondoka au yakapunguza kazi. Mwenye mshahara amekuwa mtu wa kuhesabika. Lakini jambo linaloombwa si mshahara wa mbunge. Kanisa lenye waumini 300, kila mmoja akitoa franka 200 kwa mwezi kwa ajili ya vyombo, linapata franka 60 000. Pesa hiyo haimtajirishi mtu. Lakini inaweza kumpa mpigaji nauli ya mazoezi na kumpa fundi kazi ndogo ya hakika. Wakati wa njaa, kazi ndogo ya hakika ni bora kuliko sifa kubwa.

Kinshasa na Katanga zilionyesha njia

Asiyeamini kwamba mikono ya Wakongomani inaweza kutunza hata chombo kigumu kama violoni, atazame Kinshasa. Mwaka 1994, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha Orkestra Simfoni ya Kimbanguisti. Wapigaji walikuwa wengi kuliko violoni, ikabidi wapokezane. Uzi ulipokatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Mmoja wao, Albert Matubanza, alitengeneza kontrabasi yeye mwenyewe, kwa kusoma namna chombo cha kiwandani kilivyounganishwa. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 iliwaonyesha watu hao duniani: mchana ni fundi umeme, kinyozi au muuzaji sokoni, jioni ni mpiga violoni.

Dunia ilipiga makofi kwa sababu ya ile waya ya breki. Lakini waya ya breki si jambo la kusherehekea milele. Ni dalili ya ujasiri, na pia ni dalili ya ukosefu. Mpigaji anayestahili sifa kwa kupiga juu ya waya ya baiskeli anastahili zaidi kupewa uzi wa violoni.

Hukohuko Kinshasa, Misoko Nzalayala, anayejulikana kwa jina la Socklo, ametengeneza gitaa kwa miongo kadhaa katika karakana yake, na wanamuziki wa mji huo wamezipiga jukwaani. Na kabla yao wote kulikuwa na Katanga. Mwaka 1952, Hugh Tracey alirekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana mmoja aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Gitaa moja, vidole viwili vitatu, na nyimbo za Kiswahili. Rekodi hizo ziliwafundisha wapigaji wa Kenya na nchi nyingine jirani. Gitaa ya Kiswahili ilizaliwa upande huu wa Kongo, na Goma ni mrithi wake halali.

Hata kabla ya gitaa kuingia, Kivu ilikuwa na wapiga nyuzi. Bashi wana lulanga, chombo cha mti uliochimbwa kama bakuli refu, nyuzi zikitandazwa juu yake. Wanande wana enzenze, ndugu wa zeze. Wazee waliotengeneza vyombo hivyo walijua ni mti gani unaimba na ni upi uko bubu. Elimu hiyo haipo kwenye kitabu. Inakufa na kila mzee anayezikwa bila kijana aliyekaa karibu naye.

Mbao zinaondoka, sauti inarudi na bei kubwa

Ubao mweusi ambao mpiga violoni wa Paris au Vienna anakandamiza vidole juu yake kwa kawaida ni ebeni. Sehemu ya ebeni hiyo inatoka katika misitu ya Afrika ya Kati. Kule Kameruni, kampuni ya gitaa ya Marekani, Taylor, ni mmoja wa wamiliki wa kiwanda cha ebeni cha Yaoundé tangu mwaka 2011. Wenge, mti wa misitu ya Kongo uliolipa jina kundi maarufu la Wenge Musica, hutumiwa Ulaya kutengeneza shingo za gitaa za besi.

Kwa hiyo mti unaondoka kama gogo au kipande, unarudi kama chombo ambacho mtoto wa Goma hawezi kukinunua. Ni hadithi ileile ya kobalti na koltani, ila safari hii inasikika kwa masikio.

Wengine watasema kwamba Wazungu wana utamaduni wa miaka mingi. Ndiyo, lakini utamaduni huo ulijengwa na mambo ambayo hata Goma inaweza kuyafanya. Cremona, mji wa Italia alikoishi Stradivari hadi alipokufa mwaka 1737, una watu wapatao 70 000 tu. Ni mdogo sana mbele ya Goma. Bado una karakana zaidi ya mia moja za violoni, una shule ya ufundi huo tangu mwaka 1938, na UNESCO iliuandika ufundi wake katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2012. Kila violoni ya Stradivari ilikuwa na karatasi ndani yenye jina lake na mwaka. Mteja alijua nani wa kumsifu na nani wa kumrudishia chombo kikileta shida.

Rumba ya Kongo nayo iliandikwa na UNESCO, mwezi Desemba 2021. Ni heshima kubwa. Lakini cheti hakinunui gundi. Rumba bila fundi wa gitaa ni kama sombe bila kinu.

Mambo yanayoweza kuanza bila kungoja

Kwanza, kila kanisa na kila kwaya iwe na mfuko mdogo wa vyombo, wenye daftari linalosomwa mbele ya waumini. Mpigaji ajue mapema atapewa nini kwa mwezi, hata kama ni kidogo, na fundi ajue kwamba kila baada ya miezi mitatu atakuja kukagua vyombo na kulipwa siku hiyohiyo.

Pili, wenye harusi na wenye kumbi watoe nusu ya pesa kabla ya siku, na mapatano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Anayekodi viti analipa kabla. Anayekodi vidole afanye vivyo hivyo.

Tatu, studio ziandike majina ya wapigaji wote kwenye kila wimbo, si jina la nyota peke yake. Sheria ya Kongo namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na pia haki za wale wanaopiga na kuimba kazi hiyo. SOCODA iliundwa mwaka 2011 kwa ajili ya kukusanya haki hizo. Lakini jina ambalo halikuandikwa popote haliwezi kudai kitu, hata siku ambayo mambo yatatengemaa.

Nne, shule za ufundi. INPP inafundisha kazi za mikono Goma, na kituo cha Don Bosco Ngangi kimefundisha vijana useremala kwa miaka mingi, wakiwemo waliokimbia vita. Useremala huo uongezewe somo moja la vyombo vya nyuzi: kukausha mbao, kupima fureti, kutengeneza shingo, kurekebisha violoni. Mashine za kukata mbao tayari zipo katika useremala. Kinachokosekana ni walimu wawili watatu wenye uzoefu, na wazee wa lulanga na enzenze waitwe nao waje kuonyesha. Foyer Culturel, ambayo imewafundisha vijana wa Goma muziki, ingekuwa mteja wa kwanza wa karakana hiyo.

Tano, mafundi wenyewe. Nao wana deni. Wapo wanaochukua malipo ya kwanza na kupotea, wapo wanaosema kesho kwa miezi miwili, wapo wanaoficha ufa kwa rangi. Fundi anayetaka kuheshimiwa aandike jina lake na mwaka ndani ya kila gitaa, atoe dhamana ya miezi sita, na akatae kutumia mbao mbichi hata mteja akiharakisha. Mafundi wakiungana, wanaweza kununua mbao pamoja, kuikausha pamoja, na kuweka bei ambayo haimuui mmoja wao.

Goma imechomwa na Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, imepigwa na vita mara nyingi kuliko watoto wanavyoweza kuhesabu. Kila mara watu walirudi, wakajenga juu ya mawe meusi, na mwezi Februari 2014 maelfu walijaa uwanja wa Collège Mwanga kwa Tamasha la Amani la kwanza kusikiliza muziki. Siku hizo viongozi, mashirika na waandishi wa habari wote walisema kwamba muziki unaponya. Kama unaponya, basi mpiga gitaa ni muuguzi na fundi wa gitaa ndiye anayetengeneza dawa, na hakuna hospitali inayoendeshwa kwa makofi.

Jumapili hii, baada ya wimbo wa mwisho, mweka hazina wa kanisa amwite mpiga gitaa na amuulize maswali mawili: nyuzi hizi zilibadilishwa lini, na nani aliyezilipia? Kama jibu ni kwamba kijana alizinunua kwa pesa yake, kanisa lina deni. Liandikwe kwenye daftari, na lilipwe kabla ya Jumapili nyingine.